Vipindi vya likizo ya Juni maktabani Kigoma: hadithi, kompyuta na kukarabati vitabu. Naomba ushauri wa ratiba

Mwana_Gungu

Wakuu, habari za jioni. Nawaomba wakutubi, walimu na mafundi mnisaidie.

Hapa Kigoma Mjini maktaba inaandaa vipindi vya bure vya likizo ya Juni, wiki nne, na sisi wa kujitolea tumetakiwa kupeleka rasimu ya ratiba. Vilivyopo ni chumba cha watoto chenye mkeka mkubwa, kompyuta za mezani tano, kompyuta mpakato tatu, projekta moja na printa ya rangi nyeusi tu. Tupo saba. Intaneti ipo ila wakiingia watu wanne inasuasua. Umeme mnaujua wenyewe.

Tumefikiria vipindi vitatu: saa ya hadithi kwa watoto, kompyuta kwa watu wazima wanaoanza sifuri, na darasa la kukarabati vitabu, maana stoo kuna makasha manne ya vitabu vya watoto vilivyochanika. Rasimu ya kwanza imeweka kila kitu saa 2 hadi saa 4 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Siiamini. Muda gani unafaa mji huu? Watu wangapi kwa darasa? Na hiyo gundi ya vitabu inapikwaje? Wenzangu wanasema selotepu inatosha.

Karabai

Mkuu, hiyo saa 2 ifute kwanza. Nchi nzima tunatumia saa ile ile lakini jua lina saa yake: Kigoma linachomoza karibu dakika 40 baada ya Dar. Mwezi wa Juni hapa saa 1 asubuhi ndiyo kwanza kunapambazuka. Mtoto wa Bangwe ana maji ya kuchota na uwanja wa kufagia kabla hajaruhusiwa kutoka, kwa hiyo saa 2 atakuwepo mlinzi na nyinyi saba. Watoto waanze saa 3 na nusu. Muda mlioupoteza asubuhi mtaulipwa jioni, kwani saa 12 bado ni kweupe. Darasa la watu wazima la saa 10 hadi saa 12 linawezekana, ila kama ni nje ya saa za kazi ombeni ruhusa mapema na kwa maandishi. Hapo kuna suala la mlinzi, funguo na bili ya umeme, mkutubi hawezi kuwaamulia peke yake.

Halafu angalieni mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa pale tu panapokuwa na giza. Mbalamwezi ikijaa, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Mkitaka wavuvi wa Kibirizi na Katonga kwenye darasa la kompyuta, wekeni siku hizo. Mkiweka siku za giza watakuja mara moja wasinzie juu ya kibodi, basi. Kina mama wanaoanika nao msiwaite asubuhi: mzigo ukishuka unaanikwa saa hiyo hiyo. Ikitokea ziwa limefungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hesabu hiyo ya mwezi muiweke kando, watu watakuwa na nafasi.

Ijumaa mchana acheni wazi. Jumamosi na Jumapili asubuhi watoto wengi wa Ujiji wapo madrasa, na wakati wa likizo baadhi ya madrasa hubadilisha saa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuchapa tangazo.

Jambo la mwisho: darasa la saba na kidato cha nne msiwapangie kipindi. Wa la saba wana mtihani Septemba, wa kidato cha nne Novemba. Hao wakija maktabani wanataka meza, mwanga na kimya. Saa ya hadithi ikipakana na chumba cha kusomea mtaletewa malalamiko siku ya kwanza, tena ya haki.

Bi_Rafu

Nianze na watoto, maana ndiko watu hukosea wakidhani ni kazi nyepesi.

Gawa kwa umri. Miaka 4 hadi 6 kundi moja, 7 hadi 9 kundi jingine. Ukichanganya, wa miaka 9 atajibu kila swali na wa miaka 4 ataanza kuvuta nyuzi za mkeka. Msomaji mmoja kwa watoto 12, zaidi ya hapo wa nyuma haoni picha, na asiyeona picha huinuka, akiinuka mmoja wameinuka wote. Awepo na mtu wa pili ambaye hasomi, kazi yake mlango na choo.

Wadogo dakika 30 zinawatosha, na humo kusoma kwenyewe kusizidi dakika 15. Fungua kwa "Hadithi hadithi!" nao waitikie "Hadithi njoo!", soma kitabu cha kwanza, wasimame waimbe wimbo wa kupiga makofi, soma cha pili kilicho kifupi kuliko cha kwanza. Halafu waache washike vitabu wenyewe. Hizo dakika kumi za mwisho za kushika vitabu ndizo wasimamizi hupenda kuzifuta ratiba ikibana, na ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote: mtoto anafungua ukurasa ule ule uliosomwa na kuusoma kwa picha.

Kitabu kishikwe pembeni ya bega, usawa wa kifua, kurasa zikiwaangalia watoto, nawe usome kwa kuchungulia kwa upande. Ndiyo maana lazima ukisome nyumbani mara mbili tatu. Anayekutana na kitabu mbele ya watoto atakigeuzia kwake ili aone maneno, na hapo watoto wanabaki kutazama jalada. Kabla ya kufunua ukurasa uliza swali moja tu: "Mnadhani fisi atafanya nini?" Ukiuliza kila ukurasa hadithi inakufa.

Watoto wengi wa huku nyumbani wanaongea Kiha, na wa miaka 4 Kiswahili chake bado kinakua. Usitafsiri sentensi nzima nzima. Taja neno gumu kwa Kiswahili, onyesha picha, litaje kwa Kiha, endelea. Kama hujui Kiha, mtafute mwenzako anayekijua awe ndiye yule mtu wa pili.

Vitabu vikiwa vichache, mkusanyo wa African Storybook una hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, unapakua na kuchapa bure. Printa yenu ya rangi nyeusi inafaa, watoto watapaka rangi wenyewe. Msitoe fotokopi ya kitabu kizima cha dukani, hiyo ni haki ya mwandishi na mchapishaji wake.

Waya_Mbili

Upande wa kompyuta. Una mashine nane, maana yake una wanafunzi saba. Moja ni ya mwalimu na ndiyo akiba ikiharibika nyingine. Msiwaweke wawili wawili kwa anayeanza sifuri: anayejua kidogo hushika kipanya hadi mwisho wa kozi na mwenzake anahitimu kwa kutazama. Bora makundi mawili ya watu saba, kila kundi vipindi sita vya dakika 90.

Kipindi cha kwanza ni kuwasha, kuzima na kipanya, basi. Wape mchezo wa karata uliomo kwenye mashine. Watu watacheka lakini kukokota karata kunafundisha kubofya, kushikilia na kuachia kuliko maelezo ya saa nzima. Wengi wametoka kwenye simu, wanagusa skrini, au wanabofya mara mbili kila kitu na kufungua dirisha moja mara nne. Kipindi cha pili kuchapa aya moja na kuihifadhi. Cha tatu barua. Cha nne folda na flashi. Cha tano barua pepe. Cha sita kuskani vyeti na kuvigeuza PDF, na hapa tumieni muda, kwa sababu mifumo ya kuombea kazi na mikopo huweka kikomo cha ukubwa wa faili. Cheti kilichopigwa picha na simu kwa ubora wa juu hukataliwa, na mwombaji anadhani mtandao ndio mbovu. Skani kwa nukta 150 kwa inchi, rangi ya kijivu: herufi zinasomeka na faili linakuwa dogo.

Barua pepe ina mtego wake. Akaunti mpya nyingi huthibitishwa kwa ujumbe wa simu, kwa hiyo kila mtu aje na simu yenye laini yake mwenyewe. Msitumie namba ya mwalimu kwa wote, ikitumika mara nyingi inakataliwa, na hata ikikubali, siku mtu akisahau nywila, namba za siri za kuirudisha zitaenda kwenye simu ya mwalimu. Nywila iandikwe kwenye daftari la mwenyewe, isibaki kwenye kompyuta ya maktaba. Na wafundishwe kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini.

Flashi za mitaani: mnajua kile kirusi kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato. Folda zenyewe mara nyingi hazijafutwa, zimefichwa tu, ila mtu akiibofya ile njia ya mkato ndipo anapokiamsha. Pangeni mashine moja ya kukagulia flashi, zipite pale kwanza.

Umeme sasa. Mkiwa na inveta na betri moja ya 12V yenye 100Ah, hiyo ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, zimebaki 600, inveta nayo inakula, hesabu 500. Kompyuta mpakato tatu za wati 50 ni 150, zitaenda saa tatu na kitu. Ukiongeza projekta ya wati 250 jumla inakuwa 400 na mmebaki na saa moja na robo. Kwa hiyo umeme ukikatika, cha kwanza kuzima ni projekta. Za mezani zichomoeni kwenye soketi kabisa, na umeme ukirudi subirini dakika tano ndipo mchomeke, maana ukirudi huwa unapanda na kushuka kabla haujatulia. Kuhifadhi kila baada ya aya mbili kuwe sheria tangu kipindi cha pili.

Intaneti isiwatishe. LibreOffice, programu ya kuandikia, inafanya kazi bila mtandao, na kwa Kiwix, programu ya kusomea tovuti zilizopakuliwa, mnaweza kuweka Wikipedia ya Kiswahili yote kwenye mashine zikasoma bila bando. Mtandao mnauhitaji vipindi viwili vya mwisho tu. Wakati wa kufungua akaunti waingieni watatu watatu, wengine wakiendelea na barua zao.

Fundi_Jalada

Selotepu haitoshi, selotepu ndiyo iliyowajazia hayo makasha manne. Baada ya muda plastiki yake inabanduka, gundi inabaki kwenye karatasi, inageuka njano, inavuta vumbi na kuunganisha kurasa mbili. Kuitoa unachana maandishi. Iliyokwisha kubanduka yenyewe iondoe taratibu, iliyoshika iache.

Kabla ya gundi, panga mafungu. Fungu la kwanza ni vitabu vyenye kurasa zilizochanika tu. La pili, jalada limelegea au limeachia. La tatu, vimekosa kurasa, vina ukungu au vimetafunwa na mchwa. Vya ukungu vitoke kwenye chumba hicho siku hiyo hiyo, ndani ya mfuko uliofungwa, visisuguliwe mbele ya watoto. Na fungu la nne ambalo hamkulitaja: vitabu vya zamani, ripoti, chochote cha historia ya mkoa. Hivyo visiguswe na darasa. Mkutubi ndiye atakayeamua.

Gundi ya ngano kwa kurasa: kijiko kikubwa kimoja cha unga mweupe, vijiko vitano vya maji. Koroga unga kwanza na kijiko kimoja cha maji baridi hadi mabuje yaishe, ndipo umimine yaliyobaki. Moto mdogo, koroga bila kuacha, dakika kama kumi. Itakuwa nyeupe kama uji, halafu itaanza kung'aa na kuwa kama kioo chenye ukungu. Hapo ndipo imeiva. Ukiitoa kabla haijang'aa haitashika, ikikauka itapukutika kama unga. Iache ipoe, ipitishe kwenye chujio la chai mara mbili, ilegeze kwa maji hadi iwe nzito kama mtindi. Pika kidogo kidogo, inadumu siku mbili. Ikinuka uchachu, mwaga. Zamani gundi hii iliwekwa sumu ili wadudu wasiisogelee. Kwenye vitabu vya watoto usithubutu. Paka nyembamba tu, mende wanaipenda ngano kuliko wanavyopenda kusoma.

Kiraka kiwe karatasi nyembamba sana, upana wa sentimita moja, kirefu kuliko mchaniko kwa milimita tatu kila upande. Usikikate kwa mkasi. Chora mstari kwa brashi yenye maji, kisha vuta karatasi iachane yenyewe pale ilipolowa. Ukingo utatoka na nyuzinyuzi laini, na hizo ndizo zinazoshika bila kuacha mstari mgumu ambao baadaye ungevunja ukurasa pembeni yake. Zile karatasi za kufungia viatu vipya ndani ya boksi zinafaa kwa vitabu vya kuazimwa. Kwa kumbukumbu za kudumu hazifai, zina asidi.

Ukurasa ulazwe juu ya nailoni. Panga kwanza midomo ya mchaniko, kwani mara nyingi upande mmoja unalalia mwingine, na ukiukosea maneno hayakutani. Paka gundi kwenye kiraka, si kwenye ukurasa. Laza, gandamiza kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda nje, funika kwa nailoni, weka tofali lililofungwa gazeti. Saa 24. Usianike juani, Juni hapa ni kavu na karatasi itajikunja kama dagaa.

Kwa jalada lililolegea, gundi nyeupe ya mbao ni bora kuliko ngano kwa sababu ikikauka inabaki laini na kukunjika. Chukua spoku ya baiskeli isiyo na kutu, ichovye, ipitishe ndani ya ule uwazi kati ya mgongo wa kitabu na jalada huku ukiizungusha ili gundi isambae. Funga kitabu, weka nailoni kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, laza spoku mbili kwenye mifereji ya bawaba, pale jalada linapokunjikia, kwa nje, upande huu na huu, kisha uzito hadi kesho. Kosa la kila darasa ni kusahau ile nailoni. Asubuhi kitabu hakifunguki.

Vijitabu vyembamba vilivyotoka pini, tena pini zenyewe zikiwa na kutu kwa unyevu wa ziwa, vishonwe. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Uzi wa pamba upitishwe kwenye nta ya nyuki, urefu mara mbili na nusu ya kitabu. Ingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, acha mkia wa sentimita nane. Nenda tundu la juu, ingia ndani. Ruka la kati, nenda la chini, toka nje. Rudi la kati, ingia ndani. Mikia miwili iwe kila mmoja upande wake wa ule uzi mrefu, kisha funga fundo juu yake. Usipoukumbatia uzi mrefu, mshono utalegea wiki hiyo hiyo.

Watu wanane kwa darasa, kuanzia miaka 12, saa mbili. Lengo ni vitabu viwili kwa kila mtu, msishindane. Mkimaliza rudisheni namba ya rafu mgongoni, vinginevyo mmekarabati kitabu na kukipoteza kwa pamoja.

Mwl_Sokoni

Nyongeza ya tarehe. Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, ambayo kwetu ni Sabasaba, sikukuu, ofisi zimefungwa. Kama likizo inafika huko, fanyeni siku ya kazi iliyotangulia. 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto huitwa kwenye maandamano na maonyesho asubuhi, msipange saa ya hadithi siku hiyo.

Watoto wa miaka 10 hadi 14 mmewasahau. Wapeni msako wa habari: kadi sita, kila moja na swali ambalo jibu lake lipo rafuni, waanzie namba ya rafu 967.8, kwenye historia ya Tanzania. Mfano, meli ya Liemba iliundwa mji gani, ikazamishwa mwaka gani, ikaopolewa lini? Majibu ni Papenburg, 1916 na 1924. Kadi moja iwe ya kutega: Stanley alimkuta Livingstone Ujiji tarehe ngapi? Stanley aliandika 10 Novemba 1871, ila wanaofuata shajara ya Livingstone wanairudisha hadi mwishoni mwa Oktoba. Watoto wakirudi na tarehe mbili wakaanza kubishana, msiwatulize.

Mwana_Gungu

Bi_Rafu shikamoo, na wengine wote asanteni sana. Rasimu mpya: hadithi Jumanne na Alhamisi saa 3 na nusu, msako wa habari Jumatano asubuhi, ukarabati Jumatano saa 8, kompyuta Jumatatu, Jumanne na Alhamisi saa 10, kundi la wavuvi kufuata mbalamwezi. Fundi, swali moja: gundi ya ngano leo imetoka na mabuje hata baada ya kuchuja. Ni unga au ni mimi?

Bi_Rafu

Marahaba. Hadithi isifuatane na ukarabati kwenye chumba kimoja bila kupiga deki katikati. Gundi ikianguka kwenye mkeka, watoto watakaa juu yake.

Fundi_Jalada

Ni maji ya moto. Uliongeza yaliyochemka ukitaka iive haraka, unga ukajifunga kwa nje na ndani ukabaki mbichi. Mwaga hiyo, anza na baridi, na moto uwe wa mkaa uliokwisha kufifia.